Kutoka Hermes hadi Viraat: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu manowari ya kubeba ndege iliyotumikia bendera mbili

Kila picha ya Viraat inapozunguka mitandaoni, maswali huwa yaleyale: ilikuwa ya Waingereza au ya Wahindi? Ni kweli ilipigana Falklands? Kwa nini haikuhifadhiwa? Majibu yafuatayo yamepangwa kwa kufuata umri wa meli yenyewe, hivyo anayesoma kutoka juu hadi chini ataipata historia yote, na mwenye swali moja anaweza kuruka hadi pale linapomhusu.

Hermes na Viraat ni meli mbili au moja?

Ni moja. Chombo hicho kilianza kazi katika Jeshi la Wanamaji la Uingereza tarehe 18 Novemba 1959 kikiitwa HMS Hermes, namba R12. Waingereza walikiondoa kazini Aprili 1984. Tarehe 12 Mei 1987 kikapandishwa bendera ya India na kupewa jina la INS Viraat, namba R22, na Wahindi wakakitumia hadi tarehe 6 Machi 2017.

Urefu wake ulikuwa mita 227 hivi, na uzito wake tani 28,000 na ushei ikiwa imejaa mafuta, silaha na ndege. Kwa macho ya mtu aliyesimama gatini ni jabali la chuma, lakini miongoni mwa manowari za kubeba ndege ilikuwa ndogo. Nimitz ya Wamarekani inakaribia tani 100,000. Udogo huo uwekwe akilini, maana ndio ulioamua karibu kila kilichoipata meli hii: ndege za kivita zilizidi kuwa nzito mwaka hadi mwaka, na sitaha yake ikabaki palepale.

Kwa nini ilichukua miaka 15 kujengwa?

Mkuku wake uliwekwa tarehe 21 Juni 1944 katika karakana ya Vickers-Armstrong mjini Barrow-in-Furness, kaskazini-magharibi mwa Uingereza, wakati Vita vya Pili vya Dunia bado vinapamba moto. Mwaka uliofuata vita vikaisha, fedha zikakauka, kazi ikasimama. Ganda la meli likabaki bila kuguswa hadi 1949. Ilishuliwa tarehe 16 Februari 1953, na aliyeongoza sherehe ni Clementine, mke wa Winston Churchill. Sababu kubwa ya kuishua wakati ule ilikuwa kupata nafasi ya kujengea meli nyingine. Miaka sita zaidi ikapita ikifungwa mitambo.

Kuchelewa huko kuliisaidia sana. Ndani ya miaka hiyo Waingereza walibuni mambo matatu ambayo manowari kubwa za kubeba ndege zilikuja kuyategemea: manati ya mvuke ya kurushia ndege, kioo cha kumwongoza rubani anapotua, na sitaha ya mshazari. Hili la tatu ndilo kubwa kuliko yote. Kwenye sitaha iliyonyooka, ndege ikikosa nyaya za kuinasa ilikuwa inakwenda kugonga ndege zilizoegeshwa mbele. Njia ya kutulia ilipowekwa upande kidogo, rubani aliyekosa nyaya aliweza kuongeza moto na kuruka tena. Hermes ilizipata zote tatu tangu siku ya kwanza, pamoja na rada kubwa ya Type 984 iliyopima umbali na kimo cha ndege kwa pamoja. Nduguze waliokamilika mapema, Centaur, Albion na Bulwark, hawakubahatika hivyo.

Je, hii ndiyo Hermes iliyozamishwa na Wajapani?

Hapana. Ile ilikuwa Hermes iliyotangulia, na ilizamishwa na ndege za Kijapani tarehe 9 Aprili 1942 karibu na Batticaloa, pwani ya mashariki ya Ceylon, nchi tunayoiita leo Sri Lanka. Watu zaidi ya 300 walikufa. Msomaji wa Mombasa ana sababu ya kulifahamu tukio hilo: baada ya mashambulizi hayo ya Aprili, kikosi cha Waingereza cha Bahari ya Hindi kiliona Ceylon si salama tena, na Kilindini ikawa makao yake. Meli tunayoizungumzia ilikuwa ipewe jina la Elephant, ikarithi la Hermes mwaka 1945.

Ina uhusiano wowote na Afrika Mashariki?

Unaokumbukwa zaidi ni kupitia nduguye, HMS Centaur, na kwa Watanzania ni kumbukumbu nzito.

Tarehe 20 Januari 1964 askari wa Tanganyika Rifles katika kambi ya Colito, nje kidogo ya Dar es Salaam, waliasi wakidai mishahara bora na kuondolewa kwa maofisa wa Kiingereza. Serikali ikatikisika. Rais Nyerere, kwa uchungu alioueleza waziwazi baadaye, akalazimika kuomba msaada kwa wakoloni wa jana. Centaur ikaondoka Aden ikiwa na makomando wa kikosi cha 45 cha Royal Marines na helikopta sitahani. Alfajiri ya tarehe 25 Januari helikopta hizo ziliwashusha makomando Colito, na maasi yakazimwa kwa muda mfupi. Kambi ile ndiyo Lugalo ya leo. Jeshi la zamani likavunjwa, na Septemba mwaka huohuo ikaanzishwa JWTZ.

Kwa upande wa wanamaji, Dar es Salaam ilionyesha kwamba meli ya aina hii inaweza kuwa na manufaa hata bila ndege za kivita zenye mbio: ipakie askari na helikopta, uiweke nje ya bandari, na utafika mahali ambapo gari halifiki. Albion na Bulwark zilikuwa zimeshageuzwa hivyo. Hermes nayo ikafuata.

Nimesoma kwamba iligeuzwa mara tatu. Iligeuzwaje?

Mwanzoni ilibeba ndege za mashambulizi: Sea Vixen, Scimitar, baadaye Buccaneer, pamoja na Gannet za kuangalia mbali kwa rada. Mwishoni mwa miaka ya 1960 ikaja Phantom, ndege nzito yenye mbio, na Hermes haikuwa na nafasi wala manati ya kuimudu ipasavyo. Wakati huohuo London ilikuwa imefuta mpango wa manowari mpya kubwa, mwaka 1966, na imeamua kuondoa majeshi yake mashariki ya Suez. Meli ya miaka kumi na kidogo ikaonekana haina kazi.

Ikabadilishwa kazi. Kati ya 1971 na 1973 iling'olewa manati na nyaya, ikawa meli ya makomando na helikopta. Mwaka 1974 Charles, mfalme wa sasa wa Uingereza, alikuwa rubani wa helikopta humo katika skwadroni ya 845. Kati ya 1976 na 1977 ikabadilishwa tena, safari hii ipambane na nyambizi za Kisovieti katika Atlantiki ya Kaskazini, ikitumia helikopta za Sea King.

Badiliko la 1980 hadi 1981 ndilo lililoipa uhai mpya. Omo yake, yaani sehemu ya mbele, ilijengewa mwinuko wa nyuzi 12 ili irushe Sea Harrier, ndege ya kivita inayoweza kutua wima. Wazo la mwinuko lilitoka kwa ofisa wa wanamaji aliyeitwa Doug Taylor, na ubora wake ni urahisi wake. Sea Harrier ikipaa wima hula mafuta mengi na haiwezi kubeba silaha nzito. Ikikimbia sitahani na kupanda mwinuko, hutupwa juu, na katika sekunde chache za kuwa hewani inapata muda wa kuongeza mwendo mpaka mabawa yake yatosheleze kuibeba. Hakuna mtambo unaosogea, hakuna mvuke, hakuna cha kuharibika. Meli iliyoshindwa na Phantom kwa udogo wake ikapata ndege inayolingana nayo kabisa.

Kwa maoni yangu hapo ndipo pa kuielewa meli hii. Haikuishi miaka mingi kwa sababu ilijengwa kwa chuma cha pekee. Iliishi kwa sababu kila ilipokosa ndege, kuna mtu aliyekaa chini akafikiri ni kazi gani nyingine inayoweza kufanywa na sitaha ya mita 227.

Ilifanya nini katika vita vya Falklands?

Ilikuwa makao ya kamanda. Argentina ilivamia visiwa hivyo vya Uingereza vilivyo kusini mwa Atlantiki tarehe 2 Aprili 1982, na siku tatu baadaye Hermes ikatoka Portsmouth pamoja na Invincible. Ajabu ni kwamba chini ya mpango wa ulinzi wa 1981, Hermes ilikuwa njiani kustaafishwa. Laiti vita vingechelewa kidogo, isingekuwepo.

Admirali Sandy Woodward aliongoza kikosi chake akiwa ndani ya Hermes, kilomita zaidi ya 12,000 kutoka nyumbani, na majira ya baridi ya kusini yakikaribia. Meli hizo mbili ziliondoka na Sea Harrier 20 tu, 12 zikiwa juu ya Hermes. Ndege hizo ndizo zilizokuwa kinga ya kikosi kizima dhidi ya jeshi la anga lenye ndege nyingi mara kadhaa. Woodward aliziweka meli zake mbili mbali upande wa mashariki wa visiwa, akijua kwamba ikizama moja vita vimekwisha. Marubani walilaumu umbali ule kwa sababu uliwapunguzia dakika za kulinda anga juu ya visiwa, lakini ni vigumu kumlaumu aliyeamua.

Tarehe 1 Mei, Sea Harrier 12 za Hermes zilishambulia uwanja wa ndege wa Stanley na kiwanja cha Goose Green. Mtangazaji wa BBC Brian Hanrahan alikuwa melini. Wanajeshi walimkataza kutaja idadi ya ndege, naye akawaambia wasikilizaji kwamba alizihesabu zote zikitoka na akazihesabu zote zikirudi. Waingereza hawajaisahau kauli hiyo.

Siku tatu baadaye mambo yalibadilika. Kombora la Exocet lilipiga HMS Sheffield, na majeruhi wakaletwa kwa helikopta hadi sitaha ya Hermes. Wengi waliokuwa melini ndipo walipotambua kwamba vita ni vya kweli. Tarehe 25 Mei ndege za Argentina aina ya Super Étendard zilikuja tena na Exocet, zikilenga kundi la meli lililokuwa na Hermes. Makombora yakaikuta Atlantic Conveyor, meli ya mizigo iliyokuwa imesheheni helikopta na mahema. Watu 12 walikufa, na helikopta tatu kubwa za Chinook ziliteketea, ndiyo maana askari wa Kiingereza walilazimika kukivuka kisiwa kwa miguu.

Argentina ilijisalimisha tarehe 14 Juni. Hakuna Sea Harrier hata moja iliyodunguliwa na ndege ya adui, wakati zenyewe ziliangusha takriban 20. Sita zilipotea, mbili kwa mizinga na makombora ya kutoka ardhini, nne kwa ajali. Hermes ilirudi Portsmouth tarehe 21 Julai, ubavu wake ukiwa umejaa kutu kutoka omo hadi tezi, na gati zikiwa zimefurika watu.

Baada ya sifa zote hizo, kwa nini Uingereza iliiuza?

Ilikuwa ghali kuiendesha. Invincible na nduguze walitumia injini za gesi na mabaharia wachache zaidi, ilhali Hermes ilikuwa bado na boila za mvuke zinazotaka watu wengi usiku na mchana. Meli mpya zilipokamilika, haikuwa na mtetezi.

India ilikuwa mnunuzi mwenye sababu. Tayari ilikuwa na Sea Harrier tangu Desemba 1983, ikizitumia kwenye INS Vikrant ya kwanza, meli nyingine ya zamani ya Uingereza iliyokuwa nayo imechoka. Hermes ilikuwa na mwinuko tayari na wahandisi waliozijua ndege hizo. Ununuzi ulikamilika 1986, meli ikapelekwa Devonport kwa matengenezo makubwa: boila, rada, vifaa vya kuwasaidia marubani kutua, na kinga dhidi ya silaha za kemikali na nyuklia. Wakati ule wengi walikisia kwamba itafaa kwa miaka michache tu.

India iliitumia vitani?

Haikupigana vita vya baharini kama vya Falklands. Mwaka 1989, katika operesheni iliyoitwa Jupiter, ilitumika kuunga mkono majeshi ya India yaliyokuwa Sri Lanka, na helikopta zake zikabeba askari wa Garhwal Rifles. Mwaka uliofuata meli na kikosi hicho cha watu wa milimani wakatangazwa kuwa ndugu rasmi. Baada ya shambulio la Bunge la India la Desemba 2001, ilikuwa miongoni mwa meli zilizowekwa tayari wakati India na Pakistan zilipokaribia vita.

Lakini kazi yake kubwa ilikuwa darasa. Kwa karibu miaka 30, karibu kila rubani wa Sea Harrier wa India alijifunza juu ya sitaha hiyo namna ya kuruka baharini na namna ya kurudi, jambo ambalo nchi chache duniani zinalijua. Manahodha wake kadhaa walipanda hadi ukuu wa jeshi lote la wanamaji, wakiwemo Arun Prakash, Nirmal Verma na D. K. Joshi. Tangu ilipoondolewa Vikrant ya kwanza kazini mwaka 1997 hadi ilipokuja Vikramaditya mwaka 2013, Viraat ilikuwa manowari pekee ya kubeba ndege ya India. Ujuzi ungepotea katika miaka hiyo 16, usingerudishwa kwa fedha.

Meli ya mvuke ya zamani hivyo iliendeshwaje?

Kwa jasho. Ilikuwa na boila nne zilizochemsha maji kuwa mvuke, mvuke ukasukuma mitambo miwili yenye jumla ya nguvu farasi 76,000, na ikipewa moto wote iliweza kufikia mwendo wa kilomita 52 hivi kwa saa. Vyumba vya boila katika bahari ya kitropiki ni jehanamu, na wanaofanya kazi humo hawaoni jua wala ndege zinazopaa juu ya vichwa vyao. Takriban maofisa 150 na mabaharia 1,500 waliishi ndani, katika vyumba vilivyobuniwa kwa ajili ya baridi ya Atlantiki.

Septemba 1993 chumba cha mitambo kilifurika maji na meli ikakaa miezi kadhaa bila kazi. Ilirudi. Baada ya hapo mfululizo wa matengenezo ukaendelea, ya 1999 hadi 2001, ya 2003 hadi 2004, kisha mengine Kochi. Ilifungiwa makombora ya kujikinga ya Barak kutoka Israeli, na vipuri vingi vikachongwa hapohapo kwa sababu waliovitengeneza mwanzo walishafunga viwanda. Wanaosifu manowari husifu marubani. Kwa chombo hiki, mafundi wa karakana za Mumbai na Kochi walistahili sifa sawasawa na wao, kama si zaidi.

Hesabu ya India inasema chini ya bendera yake ilikaa baharini siku zaidi ya 2,250 na kusafiri zaidi ya kilomita milioni moja.

Ni kweli ndiyo iliyotumika muda mrefu kuliko manowari zote za kubeba ndege?

Inategemea unahesabu nini. Wengi husema miaka 57, kuanzia 1959 hadi 2017. Ukitoa muda iliokuwa haina bendera ya kazi kati ya 1984 na 1987, inabaki miaka 54 na miezi kadhaa. Bado ni mingi. Enterprise ya Marekani, ya kwanza ya nyuklia, ilianza 1961 ikafungwa 2012. Midway ilitumika kuanzia 1945 hadi 1992. Mshindani wa karibu ni Minas Gerais ya Brazil, iliyoanza kazi Januari 1945 ikiwa HMS Vengeance na kustaafu 2001, ila yenyewe ilikuwa na vipindi virefu zaidi vya kukaa bila kazi.

Kwa nini ilistaafishwa hatimaye?

Ndege zake zilikwisha. India ilinunua Sea Harrier 30 hivi, na ajali zikazipunguza mwaka hadi mwaka. Zilizobaki ziliboreshwa kwa rada na makombora ya Israeli, lakini kiwanda kilikuwa kimeshaacha kuzitengeneza. Mei 2016 skwadroni ya 300, White Tigers, iliziaga rasmi huko Goa na kuchukua MiG-29K, ndege ambazo Viraat isingeweza kuzibeba. Jambo lilelile la Phantom likarudi, na safari hii hapakuwa na ndege ndogo nyingine ya kuikomboa isipokuwa helikopta, na kwa helikopta peke yake gharama ya boila nne haikuwa na hoja.

Februari 2016 ilionekana Visakhapatnam katika gwaride la kimataifa la meli, bega kwa bega na Vikramaditya. Julai mwaka huo iliondoka Mumbai kwenda Kochi, safari yake ya mwisho kwa mvuke wake yenyewe. Boila zikazimwa, mitambo ikaondolewa, na Oktoba ikarudishwa Mumbai ikivutwa. Jioni ya tarehe 6 Machi 2017, jua likizama, bendera ikashushwa.

Kwa nini haikufanywa makumbusho?

Swali hili huulizwa kwa hasira kuliko yote, na hasira hiyo ina haki.

Nia zilitangazwa nyingi. Jimbo la Andhra Pradesh lilitaka kuiweka Visakhapatnam. Novemba 2018 baraza la mawaziri la Maharashtra lilipitisha mpango wa kuifanya makumbusho na hoteli katika pwani ya Sindhudurg, kwa makisio ya rupia bilioni 8.52. Serikali Kuu iliridhia kuitoa, mradi atakayeichukua abebe gharama. Hapo kila mtu akarudi nyuma. Meli ya chuma ikiwa majini inakula fedha kila siku: kutu, pampu, ulinzi, nafasi ya gati. Bandari ya kijeshi ya Mumbai ina msongamano, na wanamaji hawakutaka kuendelea kuilinda meli isiyofanya kazi. Mwaka 2020 ikauzwa kwa mnada kama chuma chakavu kwa rupia milioni 385.4. Linganisha na bilioni 8.52, utaona kwa nini hoja ya mizani ilishinda.

Nakubali kwamba hesabu ni ngumu. Nisichokubali ni miaka mitatu ya ahadi. Kama kungekuwa na uamuzi tangu 2017 kwamba haitahifadhiwa yote, kungekuwa na muda wa kuokoa angalau omo yenye mwinuko, au mnara wa uongozi, na kuviweka nchi kavu ambako havidai pampu. Kampuni moja iliyotaka kuifanya makumbusho huko Goa ilikwenda hadi Mahakama ya Juu. Februari 2021 mahakama ikasimamisha uvunjaji, na Aprili ikalitupa ombi kwa sababu karibu asilimia 40 ya meli ilikuwa imeshakatwa.

Na India ilikuwa imelipitia jambo hili kabla. Vikrant ya kwanza ilikuwa makumbusho Mumbai kwa miaka kumi hivi, ikafungwa 2012 ikidaiwa si salama, ikauzwa na kuvunjwa kuanzia 2014. Sehemu ya chuma chake iliingia katika pikipiki za Bajaj V za mwaka 2016, za kampuni ileile inayotengeneza bajaji na Boxer za barabara zetu.

Ilivunjwaje?

Tarehe 19 Septemba 2020 tagi ziliivuta kutoka Mumbai hadi Alang, jimbo la Gujarat. Alang ipo kwenye Ghuba ya Khambhat, ambako bahari hupanda na kushuka kwa takriban mita 10, na ufuko wake una mteremko wa taratibu. Meli husubiri bamvua. Maji yakijaa kabisa hupelekwa juu ya ufuko, na yakipwa inabaki imekaa kwenye tope, wafanyakazi wakaifikia kwa miguu. Meli nyingi hupanda kwa injini zao zenyewe kwa mwendo wa kasi. Viraat haikuwa na injini tena, ikavutwa, na tarehe 28 Septemba ikapandishwa.

Kisha wanaingia wakataji wa gesi, wengi wao vijana kutoka Bihar, Uttar Pradesh na Odisha, wakianzia omo na kurudi nyuma. Minas Gerais niliyoitaja nayo iliishia ufukoni hapohapo.

Haikuwa bora kuizamisha kwa heshima?

Angalia yaliyoipata São Paulo, zamani Foch ya Ufaransa. Brazil iliiuza kama chuma chakavu, ikavutwa mwaka 2022 kuelekea Uturuki, Uturuki ikaikataa kwa sababu ya asbesto na sumu nyingine, ikarudishwa hadi pwani ya Pernambuco ambako hakuna bandari iliyoipokea. Tarehe 3 Februari 2023 wanamaji wa Brazil waliizamisha katika Atlantiki, kilomita 350 hivi kutoka nchi kavu, pamoja na sumu yake yote. Kuzamisha bila kusafisha ni kuitupia bahari takataka, na kusafisha kwanza kunagharimu karibu sawa na kuvunja.

Nataka kuona manowari ya kubeba ndege kwa macho yangu. Niende wapi?

Uingereza haikuhifadhi hata moja, na India sasa haina. Walio Marekani wana bahati: Midway ipo San Diego, Intrepid New York, Yorktown karibu na Charleston, Hornet huko Alameda, Lexington Corpus Christi. China imeihifadhi Kiev ya Kisovieti mjini Tianjin. Anayetaka kuona ndege iliyoipa Viraat maisha yake atakuta Sea Harrier katika makumbusho ya ndege za wanamaji huko Goa, na nyingine Yeovilton, Uingereza. Makumbusho ya Goa yapo jirani na uwanja wa ndege wa Dabolim, kwa hiyo hata mwenye saa chache kati ya ndege mbili anaweza kupita.